"Nitakubadilisha sura": kitisho kisichotaja kifo

Mama mmoja anakaanga viazi karai nje ya nyumba yake, Mombasa. Mume waliyeachana anapita, anasimama, anamwambia kwa sauti ya chini: "Nitakubadilisha sura, hata mamako asikujue." Kisha anakwenda zake. Mkono wa mama umeganda na upawa, viazi vinaungua.

Hakutaja kuua, na kwa sheria ya Kenya hilo lina uzito. Kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayetishia kuua hadi miaka 10 jela. Anayetishia kujeruhi huangukia kifungu cha 238, na huko mwisho ni miaka 3. Pengo hilo naliona kubwa mno. Anayeogopa kumwagiwa tindikali hakosi usingizi kidogo kuliko anayeogopa kuuawa. Naye hubadilisha njia ya sokoni, naye hufunga biashara kabla ya magharibi. Jimbo la Victoria, Australia, lina kosa mahususi la kutishia kumjeruhi mtu vibaya: hadi miaka 5, nusu ya ile 10 ya kutishia kuua.

Wanaosita kuweka kosa kama hilo Kenya wana hoja, tena nzito. Kiswahili kimejaa ukali usio na shari. Mtoto aliyetoroka kwenda kuogelea huambiwa "nitakuvunja miguu", na jioni mama yuleyule anampakulia wali. Majirani wakigombania mpaka wa shamba, mmoja hukimbilia kituoni kuandikisha kitisho ili tu apate cha kumbana mwenzake.

Je, sheria ya shambulio, ambayo humbana hata anayemtia mwenzake hofu ya kupigwa sasa hivi, haitoshi? Mwaka 1669 huko Uingereza, katika kesi ya Tuberville na Savage, mtu alishika upanga wake akasema lau majaji wasingekuwa mjini, asingevumilia maneno aliyoambiwa. Mahakama ikaona hilo si shambulio, kwani maneno yenyewe yalionyesha hatapiga wakati ule. Shambulio linataka hatari ya papo hapo. Kitisho cha kesho hakimo.

Ndiyo maana naegemea kipimo cha Victoria: lazima ithibitishwe kwamba msemaji alikusudia mwenzake aogope kwamba kitisho kitatimizwa, au alijua kuna uwezekano mkubwa ataogopa na bado akasema. Mama wa wali hapo hana kesi. Yule aliyesimama mbele ya karai ataulizwa kwa nini alishusha sauti, na mara ya mwisho alimpiga lini.