Pedi za breki nimebadili mwenyewe, na naona tunaogopa sehemu siyo

Ukimwaga oili ya gari mwenyewe watu wanakusifu, ukibadilisha plagi wanasema huyu jamaa kumbe fundi, ila sema tu umefungua breki uone sura zinavyobadilika. Wewe unataka kuua watu! Breki ni roho ya mtu! Na siwalaumu, breki kweli siyo kitu cha kuchezea, lakini baada ya kubadilisha pedi za mbele za gari yangu kwa mara ya kwanza nimebaki na maoni yangu na sidhani kama ntayabadilisha: watu wanaogopa kufungua, wakati hatari yote iko kwenye kufunga. Kufungua ni boliti mbili na jasho kidogo. Vitu vinavyoua ni vile vidogo vidogo vya kurudishia, ambavyo mtu mwenye haraka anavirukaga, na mtu mwenye haraka mara nyingi ni fundi mwenye magari mengine manne yanamsubiri, siyo wewe mwenye gari yako na siku nzima.

Tuanze na kitu chenyewe. Breki ya diski ukishaiona tairi ikiwa imetoka inashangaza jinsi ilivyo wazi. Kuna diski inazunguka na tairi, kuna kalipa imeikumbatia, ndani ya kalipa kuna pistoni, ukikanyaga pedali mafuta yanaisukuma pistoni, pistoni inazibana pedi kwenye diski na mwendo wa gari wote unageuka kuwa joto. Basi. Spidi ikiwa mara mbili joto la kusimamisha gari linakuwa mara nne, na gari ikifunga breki uzito unalalia mbele, ndo maana kwa kawaida pedi za mbele zinawahi kuisha. Pedi mpya nyingi zina unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, zikibaki 3 usisubiri tena. Nyingine zina kibati kidogo kinachoanza kugusa diski na kulia pedi ikiisha, ule mlio mwembamba unaokera, na kuna watu wanaongeza sauti ya redio ili wasiusikie, sijui wanategemea nini.

Kuhusu jeki nasema kwa kifupi tu maana hapa hakuna mjadala. Sehemu tambarare, hendibreki juu, weka kigingi nyuma ya tairi zinazobaki chini, nati zilegeze kabla hujainua gari, na gari ikishainuka ikae kwenye stendi. Jeki kazi yake ni kuinua, haijatengenezwa kushikilia gari wakati mtu yuko karibu nayo. Kama huna stendi kazi imeishia hapo, rudishia nati nenda kaangalie mpira.

Ukishatoa tairi fanya upande mmoja kwanza, wa pili uache mzima ili ukisahau kitu kilikaaje unaenda kuangalia kule. Ila pande zote mbili za ekseli moja lazima zibadilishwe, usiweke pedi mpya kulia ukaacha za zamani kushoto halafu ushangae gari inavuta upande. Kalipa ikitoka usiiache ining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, ifunge na waya kwenye springi. Mpira ule ukipata jeraha kwa ndani huwezi kuliona kwa nje.

Sasa hapa ndo pananogea. Zile pedi za zamani usizitupe kwanza, zipange chini uziangalie. Zimeisha sawasawa? Vizuri. Ya ndani imeisha imebaki chuma na ya nje bado nene? Basi kuna kitu kimegoma, mara nyingi pini za kalipa, zile ambazo kalipa inateleza juu yake kwenda na kurudi, au pistoni yenyewe hairudi. Pedi imeisha upande kama imekatwa mshazari? Kuna kitu kimekwama pale inapokaa. Yani hizo pedi zinakupa ripoti nzima ya breki zako bila kompyuta yoyote, na miaka yote mi nilikuwa naachia gari gereji nachukua gari gereji, ripoti inaenda kwenye pipa la taka bila mtu kuisoma. Ukiweka pedi mpya kwenye pini zilizoganda utaambiwa baada ya muda mfupi pedi za siku hizi ni feki, na wakati mwingine kweli ni feki lakini siyo kila mara jamani.

Kwa hiyo zichomoe pini, zifute, angalia kama zina kutu au mikwaruzo, angalia vile vimpira vyake kama havijapasuka, zipake grisi ya breki inayovumilia joto na isiyokula mpira, siyo ile grisi ya kopo iliyozubaa stoo. Sehemu zinapokaa pedi sugua na brashi ya waya. Vumbi la humo usilipulize na mdomo wala kompresa, pedi za zamani zilikuwa na asbesto na hata zisizo nayo hilo vumbi siyo la kuvuta, lipulizie dawa ya kusafishia breki lidondoke likiwa limelowa. Diski nayo iangalie, nyingi zimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, ikiwa chini ya hapo au ina nyufa inabadilishwa, na diski mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, hayo yatolewe yote. Grisi au oili ikigusa uso wa pedi hiyo pedi imekwisha kabla haijaanza.

Kurudisha pistoni ndani kunawatisha wengi ila kunataka utaratibu tu. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, weka pedi ya zamani mbele ya pistoni, kaza na klempu polepole, huku unachungulia kikopo kisifurike maana hayo mafuta yanatoa rangi ya gari. Na mtu yeyote asikanyage pedali wakati kalipa iko nje, wafukuze watoto kabisa. Breki za nyuma ni habari nyingine, kuna pistoni zinazorudishwa kwa kuzungushwa siyo kusukumwa, na gari yenye hendibreki ya umeme mara nyingi inataka iwekwe kwanza kwenye hali ya sevisi, ukilazimisha unavunja. Kwa mara ya kwanza ukiniuliza mimi anza na za mbele.

Na nina mpaka wangu mwingine, mafuta ya breki. Yananyonya maji taratibu na yanahitaji kubadilishwa, DOT 4, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155, na mafuta yakichemka pedali inazama bila kazi. Najua umuhimu wake. Lakini kufungua mfumo wa mafuta na kutoa upepo siyo kazi ya kujifunzia siku hiyohiyo unapojifunzia pedi. Hiyo namlipa fundi, tena bila kinyongo.

Wale wanaosema unaokoa hela, mmh. Ukinunua stendi, klempu na spana ya kupima nguvu ya kukaza, mara ya kwanza hujaokoa kitu. Mi nasema fanya kwa sababu ya zile pini.

Haya, kufunga. Boliti za kalipa na nati za tairi zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari yako, nati kwa mtindo wa nyota siyo kwa kufuatana, ukazaji wa mwisho gari ikiwa chini. Halafu kabla hujawasha kwenda popote, PAMPU PEDALI. Pistoni umezirudisha mbali, mguu wa kwanza unaenda mpaka chini hakuna breki, wa pili bado, unapampu mpaka inakuwa ngumu ndo unaangalia mafuta kwenye kikopo na kufunga kifuniko. Kwangu hii ndo hatua moja ambayo ukiisahau mengine yote uliyofanya vizuri hayana maana. Jaribu kwanza mwendo wa kutambaa, kisha tafuta barabara tupu uzizoeshe pedi, toka spidi ya kama 50 kwa saa shuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa ukiziacha zipoe katikati. Harufu kidogo ya kuungua ni kawaida siku hiyo. Nati zikaze tena ukishatembea kilomita 50 mpaka 100.

Na kama baada ya kupampu pedali bado ni laini kama sponji, gari ibaki ilipo. Muite fundi aje na vifaa vyake, usimpelekee.