Rafiki wa Kuja Kwenye Mvua

Jumapili asubuhi redio kadhaa za Kampala hupiga nyimbo za taratibu za zamani, na ikifika zamu ya “You've Got a Friend” ya mwimbaji Mmarekani James Taylor mimi huongeza sauti. Wapo wanaouita wimbo wa kulalia. Shauri yao. Kwangu ni moja ya nyimbo chache za urafiki zisizomdanganya msikilizaji.

Mtunzi ni Carole King, aliyeuimba mwenyewe kwa piano katika albamu ya Tapestry, mwaka 1971. Taylor, rafiki yake aliyempigia gitaa kwenye albamu hiyohiyo, aliupenda, naye King akamruhusu aurekodi. Wa Taylor, huku Joni Mitchell akiitikia, ndio uliofika namba moja Marekani Julai mwaka huo. Hebu fikiria: umetunga wimbo wa kukutoa, halafu unamwachia mwenzako atoke nao! Hapa kwetu mdundo tu unatosha kuvunja urafiki wa wasanii.

Ninachokipenda zaidi ni udogo wa ahadi yenyewe. Hakuna kutajirishana wala kufiana. Niite, nitakuja, majira yoyote yale. Majira yao manne hatuna, ila mvua ya Kampala tunaijua: mitaro ya Bwaise imefurika, boda wamejibanza kwenye kituo cha mafuta, wewe unaumwa Ntinda na mwenzako yuko Nateete. Atakayebisha hodi usiku huo, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, ndiye anayeimbwa humo. Wengine tutatuma pesa kwa simu na kikaragosi kinacholia. (Pesa nayo inasaidia, sikatai.)

Sikiliza pia muziki unavyokwenda. Ubeti unaanza kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) za minor, zile za huzuni, mzito, wa mtu aliyechoka. Kiitikio kinafunguka kwenye major, zile za kuchangamka, na unajikuta umeshusha pumzi.

Tatizo langu na Taylor ni usafi. Gitaa safi, sauti nyororo, anakubembeleza mpaka unasahau kuna mtu ana shida. Sauti ya King inakwaruza kidogo, na unaamini ameshawahi kuamka usiku kumfuata mtu. Tuzo za muziki za Grammy za 1972 ziliwapa wote wawili: King wimbo bora wa mwaka, Taylor mwimbaji bora wa kiume wa pop. Basi, watangazaji wetu wa Jumapili, mara mojamoja tuwekeeni na ule wa piano.