Gitaa kavu la Watuareg halikuletwa na mtalii

Tangu Tinariwen, bendi ya Watuareg (watu wa jangwa la Sahara) kutoka Mali, walipotoa albamu ya Tassili mwaka 2011, wakiwa wameweka kando sehemu kubwa ya magitaa yao ya umeme, wapo wanaodai kwamba bluzi ya jangwani (muziki wa gitaa wa Watuareg) inayopigwa kwa gitaa kavu, lisilotumia umeme, imetengenezwa kwa ajili ya msikilizaji wa Ulaya na Marekani, anayependa kumwona Mtuareg kando ya moto chini ya nyota. Hoja hiyo ina uzito. Katika harusi za Agadez, nchini Niger, vijana hucheza kwa gitaa la umeme lililofunguliwa sauti, na huko ndiko mpiga gitaa Mtuareg Mdou Moctar alikojijengea jina. Kumtaka arudi kwenye gitaa kavu ili aonekane wa asili ni kumnyima haki ya kubadilika.

Hata hivyo, wanaolaumu hivyo wanaianza historia hii katikati. Ibrahim Ag Alhabib, mwanzilishi wa Tinariwen, ambaye baba yake aliuawa katika uasi wa mwaka 1963 kaskazini mwa Mali, alijitengenezea gitaa utotoni kwa kopo la bati, kijiti na waya wa breki ya baiskeli. Gitaa lake la kwanza la kweli, alilolipata mwaka 1979 akiwa uhamishoni Algeria, lilikuwa kavu, na nyimbo zake na za wenzake zilisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono.

Tena gitaa kavu linafichua ufundi ambao umeme huufunika: kidole gumba kinarudia noti ileile ya chini bila kuchoka, vidole vingine vinafuata sauti ya mwimbaji, na makofi yanashika mapigo. Mdou Moctar mwenyewe ametupa kipimo kizuri. Mapinduzi ya Julai 2023 nchini Niger yalipomkuta ziarani Marekani pamoja na wenzake, wakashindwa kurejea nyumbani, walizirekodi upya bila umeme nyimbo za albamu yao ya Funeral for Justice, na mwaka 2025 zikatoka kwa jina la Tears of Injustice. Maneno hayakubadilika, lakini hasira ya toleo la kwanza imekuwa maombolezo, na kwangu yanauma zaidi.

Kama kuna kilichoongezwa kwa ajili ya msikilizaji wa mbali katika Tassili, ni wageni waalikwa, hasa matarumbeta ya Dirty Dozen Brass Band kutoka New Orleans, ambayo ningefurahi kuyakosa. Gitaa kavu lilikuwepo kabla ya mgeni yeyote kufika.