Lami inayokunywa maji

Mwezi wa tano, masika yakiwa hayajatupa hata siku moja ya kuanika nguo, video moja ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu. Lori linamwaga maji juu ya uwanja wa kuegesha magari, maji mengi kweli, na lami inayameza yote. Halibaki hata dimbwi la kulowesha kandambili. Dada yangu akaandika chini yake: "Hii iletwe Digo Road," barabara yetu ya katikati ya Mombasa. Wengine wakafuata na vidole gumba. Nami niliweka changu, sikatai. Siku hiyo nilikuwa nimevuka Kongowea viatu mkononi, suruali nimeikunja hadi magotini, na tuktuk ikaniogesha kwa maji ya rangi ambayo sitaki kuijua asili yake.

Jioni nikaanza kusoma habari zake. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukionea haya kile kidole gumba changu.

Lami tuliyoizoea hutengenezwa kwa kokoto kubwa na ndogo, mchanga na vumbi la mawe, vikichanganywa na lami yenyewe ya moto, ule uji mweusi unaonata, na kushindiliwa mpaka nafasi za hewa ndani yake zibaki kama asilimia 4. Ni halua: imejaa, imeshikana, maji hayana pa kuingia. Sasa toa mchanga na vumbi, bakiza kokoto za saizi karibu moja. Katikati yake zitabaki nafasi za karibu asilimia 20, tena zinazoungana. Hiyo ni kashata ya njugu. Kila njugu imemshika mwenzake kwa sukari, lakini ukiinua kipande kwenye mwanga unaona matundu. Maji hupita humo.

Kashata hii hutumika kwa njia mbili, na ile video ilituchanganya kwa sababu ilionyesha moja tu. Kwenye barabara kuu huwekwa tabaka jembamba, sentimita chache, juu ya lami ya kawaida. Maji huzama kidogo kisha hutembea ndani kwa ndani hadi ukingoni, ambako bado unahitaji mtaro. Njia ya pili, ile ya video, ni kuweka chini yake tabaka nene la kokoto kubwa zilizooshwa. Maji hukaa hapo kama kwenye tangi, yakinyonywa na ardhi polepole.

Uholanzi wameitandika kwenye sehemu kubwa ya barabara zao kuu, na sababu yao kubwa ni kelele. Matundu humeza mvumo wa matairi, kiasi cha desibeli 3 au zaidi inapokuwa mpya. Ukitaka kujua desibeli 3 ni nini, ni kama kuondoa nusu ya magari barabarani. Faida nyingine ni ile anayoijua kila aliyewahi kuendesha gari usiku wa mvua kuelekea Mtwapa nyuma ya basi: ule ukungu wa maji yanayorushwa na matairi hupungua sana, taa za wanaokuja hazimetameti barabarani, na gari haliogelei juu ya maji. Hapo nawaonea wivu Waholanzi, sifichi.

Lakini kuna jambo ambalo video haikusema. Kashata ya barabara kuu hujisafisha kwa mwendo. Tairi linalopita kwa kasi husukuma maji ndani ya matundu na kuyavuta tena, na uchafu hutoka nayo. Magari yakienda polepole, kazi hiyo haifanyiki, matundu huziba. Nani aliwahi kuona tairi likipita kwa kasi Digo Road saa kumi na moja jioni? Matatu zinasimama popote zinapoitwa, mkokoteni wa maji unavuka, muuza machungwa amepanga bidhaa ukingoni, na sote tunatambaa. Ongeza vumbi la ujenzi, mchanga unaopeperushwa na kusi, maganda na vizibo vya chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na mitaro ikapata nafuu, lakini uchafu mwingine upo pale pale. Kashata yetu ingegeuka halua baada ya masika machache, tena halua ya bei ghali.

Kisha kuna malori. Huu ni mji wa bandari, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye mzigo kufika tani 56. Kwenye barabara iliyonyooka lami ya matundu hustahimili. Shida ni kwenye kona. Trela linapojikunja kwenye kona kali kule Changamwe, matairi ya nyuma hayazunguki tu, yanaburuzwa. Kokoto zisizo na mchanga wa kuzishikilia hung'oka moja moja. Hewa nayo, ikiingia ndani pamoja na jua letu, huikausha lami ikawa ngumu na dhaifu mapema kuliko ile iliyofungika. Dizeli inayodondoka kwenye foleni huilainisha. Hata huko Uholanzi hudumu miaka michache kuliko lami ya kawaida.

Na tuseme tumeiweka, ikakubali. Wiki mbili baadaye anakuja mtu wa bomba la maji na kuchimba, mwezi unaofuata mtu wa waya wa intaneti. Wote tunajua watakavyofukia.

Kwa hiyo kwenye Digo Road jibu langu ni hapana, na kwenye njia za malori ni hapana mara mbili. Nilikuwa tayari kuifunga habari hii hapo, mpaka nilipokwenda kumsalimia ami yangu Mji wa Kale. Ami amechimba visima na mashimo ya maji machafu tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Ile video niliiona. Wenzetu wananunua kitu ambacho sisi Mungu alitupa bure."

Alikuwa na maana ya mwamba tunaoukalia. Kisiwa cha Mombasa ni mawe ya matumbawe, yenye matundu na mapango madogo. Ami anasema alipokuwa akichimba Kizingo, angemwaga ndoo shimoni, akageuka kuchukua ya pili, na ya kwanza haipo. Kumbe tunaishi juu ya kashata kubwa kuliko zote. Kisha tukaifunika. Nyua zilizokuwa za mchanga, na miti ya mikungu katikati, leo zimetandikwa kabro, yale matofali ya zege ya kupanga chini, juu ya saruji hadi kwenye ukuta, zikielekezwa kwenye geti. Mvua ikinyesha, kila mwenye nyumba humwaga maji yake barabarani, halafu wote tunalaumu barabara.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Chukua uwanja wa kuegesha magari wa mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 50 ikiuangukia ni lita 50,000, yaani maboza matano ya lita 10,000 yaliyomiminwa barabarani kutoka ua mmoja. Ukiweka chini yake kokoto za unene wa sentimita 30, ambazo asilimia 40 ni nafasi tupu, zinashika milimita 120 kabla ardhi haijanyonya hata tone. Magari madogo yanaingia taratibu na kusimama. Hakuna trela wala mchimba bomba wa ghafla. Misikiti, shule, maduka makubwa, nyumba za kupangisha: kazi ya lami hii Mombasa ingeanzia huko. Na mahali ambapo mtambo wa lami ni gharama, kabro hizo hizo hufaa zikipangwa na nafasi pana kati yake, zikajazwa kokoto ndogo badala ya mchanga na saruji. Kwa kweli mimi ningeanza na kabro.

Ninapositasita ni kwenye visima. Mwamba unaokunywa haraka hauchuji. Mafuta yanayovuja kwenye gari, pamoja na kila kinachooshwa na mvua, vinaweza kushuka hadi kwenye maji ambayo jirani anayavuta kwa pampu. Gereji na vituo vya mafuta visiguse kitu hiki, na ua wenye kisima karibu uachwe. Kwenye fukwe za mkono wa bahari wa Tudor, ambako maji ya ardhini yako juu, tangi la kokoto litajaa kutoka chini. Ukivuka Makupa kutoka kisiwani kwenda bara, Changamwe na Miritini, matumbawe yameisha, ardhi ni udongo mzito usiokunywa kwa haraka, na hesabu yangu yote inabadilika. Ami anakucheka ukimwambia utachimba shimo la kunyonya maji Miritini.

Jumamosi iliyopita tulijaribu kwenye ua wa nyumba ninayopanga, upande wa Ganjoni. Tuling'oa kabro nne, ami akachimba hadi kwenye mwamba, tukajaza maji na mimi nikashika saa. Shimo lilikuwa tupu kabla ya dakika kumi kuisha. Mwenye nyumba alisimama kibarazani akitazama, akauliza matundu yakiziba nani atayasafisha, maana fagio la chelewa haliingii humo. Nikamwambia kijana anayeosha magari pale nje ana mashine ya presha, na mara mbili kwa mwaka huenda ikatosha kwa ua mdogo kama huu. Amesema atafikiria. Kabro zetu nne bado ziko kando ya ukuta, na shimo tumelijaza kokoto.