Mataji 8 ya Federer, 7 ya Djokovic, na Jumapili ile ya 2019

Ikifika Julai, baraza letu la kahawa hapa Mji Mkongwe huwapumzisha kidogo Simba na Yanga, mazungumzo yakahamia Wimbledon, mashindano ya tenisi ya Uingereza. Safari hii mtu kaandika kwa chaki kwenye ubao wetu wachezaji bora wa kiume wa Wimbledon wa zama zote: wa kwanza Federer, wa pili Sampras, wa tatu Djokovic, wa nne Borg. Asubuhi yake jina la Djokovic limefutwa, likaandikwa juu zaidi, likafutwa tena. Sasa ni vumbi jeupe tu.

Waliomweka Federer juu hawakukosa hoja. Kashinda mara 8, na hakuna mwanamme mwengine aliyefika hapo. Matano ya mwanzo aliyapata mfululizo, 2003 mpaka 2007, na la mwisho, 2017, alikuwa anakaribia miaka 36 na hakupoteza hata seti moja. Mzee mmoja barazani hana haja na hesabu hizo. Yeye husema Federer akicheza, hata jasho linamwonea haya. Namwelewa khasa.

Lakini wa hesabu nao wana lao la kujibu. William Renshaw alichukua mataji 7 baina ya 1881 na 1889, sawasawa na Sampras na Djokovic. Mbona ubaoni hayumo? Kwa sababu zama zile bingwa alikaa pembeni akasubiri wenzake wamalizane, kisha akacheza mechi moja tu ya kutetea taji. Kwa hivyo tumeshakubali wenyewe, bila ya kusema, kwamba taji huulizwa limepatikanaje. Basi tuwaulize na hawa wa juu. Djokovic katika fainali zake 7 alizoshinda, moja alimfunga Nadal, na tatu, 2014, 2015 na 2019, alimfunga Federer mwenyewe, kwenye majani ambayo watu wanasema ni ya Federer. Federer alimfunga Nadal mara mbili na Murray mara moja. Waliobaki ni Philippoussis, Cilic, na Roddick mara tatu. (Roddick msimdharau: 2009 seti ya tano ilifika 16-14.)

Ile ya 14 Julai 2019 ndiyo inayonirudia. Tulikaa saa kumi jioni, televisheni imetolewa nje. Adhana ya Magharibi ikapita, watu wakaenda kusali wakarudi, mpira ule ule. Ya Isha, vile vile. Seti ya tano, ya mwisho, Federer yuko mbele 8-7, anaanzisha yeye, 40-15. Pointi mbili za ubingwa mkononi. Muuza kahawa kashaanza kukusanya vikombe vyake. Zikapotea zote mbili. Karibu na saa tatu usiku, baada ya saa 4 na dakika 57, Djokovic akamaliza 13-12, na vikombe vikabidi vijazwe upya.

Siku hiyo Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Mashabiki wa Federer wanaitaja hesabu hii kama mtu aliyeporwa: pointi 14 zaidi, na bado kashindwa! Mimi nimeitafuna miaka, na kila nikiitafuna naiona inamsifu Djokovic. Anayecheza bao analijua hili. Unaweza kuwa na kete tele, zimejaa safu ya nyuma, lakini safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, na hakuna atakayekuhesabia zile za nyuma. Federer alishinda seti ya pili 6-1. Pointi zikarundikana pale ambapo haziongezi kitu. Seti zilizokwenda taibreka, ule mchezo mfupi wa kuamua seti iliyofungana, zilikuwa tatu, na Djokovic akazichukua zote tatu: 7-5, 7-4, 7-3. Na uwanja mzima unaita Roger, jina la Federer. Djokovic alieleza baadaye kwamba alijilazimisha kusikia Novak, jina lake mwenyewe.

Kuna suala la umri, na hili sitalipuuza. Federer siku ile alikuwa karibu na miaka 38, mwenzake 32. Na 2012, walipokutana nusu fainali, Federer ndiye aliyeshinda. Lakini 2023 Djokovic alikuwa na miaka 36, Alcaraz 20, wakaenda seti tano akashindwa, na sijamsikia mtu barazani akimpunguzia hasara ile kwa sababu ya umri. Wala hakuna anayeutaja 2020, mwaka ambao korona ilizuia mashindano, na bingwa wa 2018 na 2019 ni Djokovic, wa 2021 na 2022 ni yeye.

Jana nikachukua chaki. Djokovic wa kwanza, Federer wa pili. Sampras, aliyecheza fainali 7 akashinda zote 7, wa tatu. Borg na matano yake ya mfululizo nimemwacha wa nne. Aliondoka mapema mno. Yule mzee wa jasho aliusoma ubao kimya, hakufuta. Akaagiza kahawa mbili na kashata, akamwambia muuzaji: "Nitalipa mimi."