Barafu ya Kibo: kila upande umeivutia kwake

Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Hapo hakuna ubishi. Ramani zipo, picha zipo, na wapagazi wa njia ya Machame hawangoji mtaalamu awaambie. Ubishi ni kuhusu kilichoila.

Lonnie Thompson, mtaalamu wa barafu wa Chuo Kikuu cha Ohio State cha Marekani, alitoboa barafu hiyo mwaka 2000, na miaka miwili baadaye akatabiri kwamba kwa mwendo ule itakwisha kati ya 2015 na 2020. Mlima ukageuka bango. Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, akauingiza kwenye filamu yake ya 2006 kama ushahidi wa joto linaloletwa na binadamu. Mwaka uliofuata jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi ya kupinga filamu hiyo kupelekwa mashuleni, akaitaja Kilimanjaro kati ya dosari tisa: haijathibitishwa kwamba barafu ile inapungua hasa kwa sababu ya binadamu. Wenye shaka na joto hilo wakashangilia. Waliruka sehemu ya hukumu hiyohiyo iliyosema kwamba kwa jumla filamu imesimama juu ya utafiti wa kisayansi.

Kuhusu Kibo, lakini, walikuwa na hoja, na walipewa na wataalamu wa barafu wenyewe. Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na Philip Mote wa Marekani walieleza mwaka 2007 kwamba hewa ya kileleni wastani wake ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo barafu nyingi haipotei kwa kutiririka maji; jua kali la ikweta huigeuza mvuke moja kwa moja. Tazama kingo zake: ni kuta zilizosimama wima juu ya majivu makavu, moja inaelekea kaskazini na nyingine kusini, na jua huzichoma kwa zamu, kila upande nusu ya mwaka. Theluji mpya haiwezi kushika kwenye ukuta wima, kwa hiyo ukuta ukishajitokeza kazi yake ni kurudi nyuma tu. Na ukavu uliozianzisha kuta hizo ulikuja mwishoni mwa karne ya 19, wakati Ziwa Viktoria nalo liliposhuka, kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi kama wa leo.

Thompson naye ana jibu. Tabaka la juu la barafu aliyoitoboa lina viputo vya hewa vilivyovutika, dalili ya kuyeyuka na kuganda tena, na kwenye matabaka ya chini hakuviona, yaani kuyeyuka huko ni jambo jipya. Mimi naegemea kwa Kaser. Ila Kaser na Mote waliandika wazi kwamba Kilimanjaro kuwa mfano mbaya hakumaanishi dunia haipati joto. Utabiri wa 2015–2020 nao umekosea tarehe, si mwelekeo: mwaka 2022 UNESCO iliiweka barafu hii kwenye orodha ya zitakazokuwa zimekwisha ifikapo 2050.

Shaka ina mahali pake. Kwamba binadamu ameipasha dunia joto, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi lilisema mwaka 2021 kuwa hakuna tena utata, na hewa ukaa imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420. Anayebishia hilo leo anajichosha. Lakini uliza masika yetu yataelekea wapi! Kuanzia miaka ya 1980 yalipungua kwa miongo kadhaa, huku programu nyingi za kompyuta zikitabiri mvua zaidi Afrika Mashariki. Wataalamu wenyewe hawajaumaliza mgongano huo, na ni haki mkulima wa Same kuuliza apande nini.

Na huku kwetu shaka haifanani na ya Marekani. Sijakutana na mzee wa Uchaggani anayekana kwamba mvua zimebadilika. Swali ni nani alaumiwe. Kwenye mikutano ya kimataifa tunawanyooshea kidole wenye viwanda. Kwenye mkutano wa kijiji mwananchi anaambiwa ni yeye aliyekata miti. Kauli zote mbili zina ukweli, ingawa ya pili hupenda kusahau ya kwanza.

Kwa maji, hiyo ya pili ndiyo inayogusa karibu zaidi. Mchango wa barafu ya Kibo kwenye mito ni mdogo sana. Chemchemi na mifongo (mifereji ya jadi) ya Wachagga hutegemea ukanda wa msitu, unaopata mvua nyingi na kunasa ukungu, na moto umekuwa ukiushusha mpaka wake wa juu mwaka hadi mwaka. Oktoba 2020 mlima uliungua kwa siku kadhaa. Joto na ukavu huzidisha hatari ya moto wa namna hiyo, kwa hiyo hata hapa tabianchi haijitoi, lakini kiberiti huwa mkononi mwa mtu. Fedha za kulinda mlima zikifika Moshi, ningependa zianzie kwenye msitu huo kabla ya kumlipa mtu mwingine aje kuipiga picha barafu.