Dawa ya Makoa

Likizo yangu mie hupewa mwezi wa Aprili. Usinipe hongera. Kumpa mtu likizo ya Aprili Unguja hii ni kama kumpa mwavuli uliotoboka ukamwambia ahsante kwa utumishi wako.

Kazi yangu bustani. Niko hoteli moja upande wa pwani ya mashariki: namwagilia, napogoa, nafagia majani, na nawajibu wageni wanaouliza kama nazi inaweza kuwaangukia kichwani. (Inaweza.) Masika yakiingia wageni hukatika, hoteli inafungwa mpaka Juni, na bosi anatukusanya bandani kutuambia tukapumzike na familia zetu. Mshahara nusu, mvua nzima.

Na nyumbani kwangu Fuoni kuna nini? Bustani nyingine. Matuta manne ya mchicha, tungule, bilingani, bamia kidogo na mgomba mmoja wenye kiburi. Yaani mie likizo yangu ni kutoka kwenye bustani ninayolipwa kwenda kwenye bustani nisiyolipwa. Kiangazi nalia hakuna maji, nabeba ndoo mpaka bega limeota sugu. Masika nalia maji yamezidi. Mungu anisamehe, hata mwenyewe najua sieleweki.

Lakini hebu njoo uone. Tungule zimeshikwa na ukungu, majani yana madoa meusi kama yamemwagiwa wino. Miche ya bilingani imelala kifudifudi. Jembe ukilipiga mara moja linarudi na udongo wa kutosha kujengea jiko. Ndago naing'oa asubuhi, ikifika adhuhuri imerudi na ndugu zake. Jongoo wanalala ndani ya kandambili, na ukivaa bila kuangalia wao ndio wanaoona umewaonea. Ndani nako mama watoto kafunga kamba ya nguo sebuleni, siku ya nne shati halijakauka, linanuka beberu, na taarifa ya habari naitazama katikati ya miguu ya suruali.

Halafu jirani. Huyu ni mzee wa baraza, mtu wa tasbihi na nasaha, na uwanja wake kaupiga saruji wote, ukuta hadi ukuta. Hata mrehani hana. Mvua ikinyesha kwake haina pa kuingia, basi inapita chini ya ukuta inakuja kwangu. Nikimwendea na suruali nimeikunja magotini ananiambia, "Si nilikwambia upige saruji?"

Yote hayo ningevumilia. Kilichonishinda ni makoa, yaani konokono.

Koa wetu si yule mdogo wa kuonea huruma. Ni yule mkubwa, ganda kama ngumi ya mtoto, asili yake hukuhuku pwani ya Afrika Mashariki, kisha akatembezwa na watu mpaka nusu ya dunia inamlia. Kule Marekani, jimbo la Florida, wamempigia karantini na kufundisha mbwa wa kumnusa. Mie nina paka, na paka mwenyewe masika hatoki uvunguni. Koa anakuja usiku, hana haraka, hana miguu, na asubuhi tuta la mchicha limebaki vijiti kama mswaki uliotumika. Nimejaribu majivu, mvua ikayaosha. Nimewaokota kwa mkono na tochi, nikawatupa ng'ambo ya barabara. Nina hakika walirudi kabla sijanawa.

Sasa mwezi wa Januari tulikuwa na mgeni mmoja hotelini, Mwingereza mstaafu. Wenzake wanaogelea, yeye kila asubuhi yuko na mie kwenye maua. Kumbe naye ni mtu wa bustani. Akanieleza habari za kwao: Disemba jua linazama saa kumi jioni, mvua ya baridi haiishi, na udongo umelowa hadi ukiukanyaga unaushindilia na kuuharibu, kwa hiyo anatandika ubao atembee juu yake kama mtu anayepanda ngalawa. Akishindwa kabisa anakaa dirishani na kitabu cha picha za mbegu, anachagua tungule za Julai. Na akishindwa hata hilo, anapanda ndege anakuja kwetu.

"Yaani mvua ikizidi unaikimbia?"

"Ndiyo."

Nilimtazama sana. Miaka yote hii mie nilidhani mvua ni kama mkwe: ikija unakaa nayo.

Ndiye aliyenipa dawa. Fukia kikombe kwenye udongo, akasema, tia bia. Koa anafuata harufu ya chachu, anatumbukia, basi. Ila mdomo wa kikombe uache juu kidogo ya udongo, wale wadudu wema wasije wakaanguka humo. Hapo nikastaajabu. Kumbe hata kwa wadudu wako wachamungu wa kuepushwa na baa!

Siku ya kufunga hoteli, kijana wa baa alikuwa anamwaga mabaki. Nikamwomba. Kanitazama usoni, kanitazama kofia, kanijazia chupa ya maji ya lita moja na nusu bila kuuliza. Mimi huyu ambaye maishani mwangu kileo nimekijua kwa harufu ya kupita. Na Ramadhani ilikuwa imeondoka juzijuzi tu, hata funga ya sita sijamaliza.

Nikapanda daladala, chupa ndani ya mkoba, mkoba katikati ya miguu. Paje mpaka Kitogani salama. Nikaanza hata kupiga hesabu ya vikombe. Lakini wewe unaijua barabara ile: ukifika Jozani kuna matuta, yamewekwa ili magari yapunguze mwendo wasigongwe kima punju. Mie sina ugomvi na kima punju. Lakini dereva yule hakupunguza. Tuta la kwanza nikasikia chupa imekakamaa kama mpira. Tuta la pili ikaanza kulia, sssss, kama nyoka aliyeghadhibika. Tuta la tatu kifuniko kikaruka.

Povu lilitoka likaujaza mkoba, likapita kwenye kandambili zangu, likashika njia mpaka kwenye upindo wa baibui la mama mmoja aliyekaa mbele yangu na kapu la ndimu. Daladala nzima ikanyamaza. Harufu ile haina wa kusingiziwa. Huwezi kusema ni juisi ya ukwaju. Hata redio naona ilipunguza sauti yenyewe.

"Mzee," utingo akaniuliza kwa adabu mbaya kabisa, "hiyo nini?"

"Dawa ya makoa."

Kimya. Halafu mzee mmoja kiti cha nyuma akasema taratibu, "Na kwetu alikuwapo mmoja akitumia dawa hiyo. Makoa wake hawakuisha mpaka kaingia kaburini."

Kutoka Jozani mpaka Fuoni niliangalia nje. Mama wa ndimu alishuka kituo kimoja na mie, na hapo ndipo nilipomtambua: anasoma chuo kimoja na mke wa jirani yangu.

Ilibaki robo chupa. Nimeshaaibika, nikaona bora aibu iwe na faida. Usiku nikatoka na tochi, nikafukia vikombe viwili, mdomo juu kidogo kama nilivyofundishwa, nikainama kumimina. Nilipoinua kichwa, jirani yuko barazani kwake, tasbihi imesimama mkononi. Fikiria alichokiona: mtu mzima, usiku, mvua ya rasharasha, anainywesha ardhi pombe huku anasema bismillahi. Kwa kikombe kile kimoja nimekuwa mlevi na mganga.

Asubuhi mvua ilikuwa imevijaza vikombe mpaka vinafurika. Koa niliyemkuta ni mmoja, naye hakuzama. Kakaa juu ya mdomo wa kikombe, pembe nje, kama mgeni wa hoteli anayesubiri jua lizame.

Mama watoto hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Alikunja nguo zilizolowa, akaniambia, "Si ulisema unataka kuikimbia mvua kama Mzungu wako? Jitayarishe. Sikukuu ya Muungano tunakwenda Pemba, kwa baba."

Pemba! Unguja kwa mwaka tunapata mvua kama milimita 1,600. Pemba ni kama 1,900. Mtu kukwepa mvua kwa kukimbilia Pemba ni sawa na kutoka kwenye beseni ukaingia kwenye pipa. Nikasema hivyo. Akanijibu kuwa mvua ya kwao ina adabu, hainyeshi ovyo. Tiketi kakata yeye.

Habari za boti sizisemi. Tulitoka bandari ya Malindi, tulipopita rasi ya Nungwi bahari ikatushika, kigegezi kikanipanda, na nilichokula jana nilikiaga. Mkoani tulishuka mvuani. Gari ya kwenda Wete ilivuja upande wangu tu.

Mkwe wangu alikuwa kasimama mlangoni na bakora. Nikamwinamia, nikambusu mkono.

"Karibu mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo baba, shikamoo."

"Marahaba. Na makoa hawajambo?"

Pale pale nikajua likizo imeisha. Neno lilikuwa limevuka bahari kwa simu, tena bila kigegezi.

Siku sita, na zote ilinyesha. Mvua yenye adabu ile ilianza alfajiri ikasita kidogo baada ya isha ili ivute pumzi. Juu ya bati usingesikia hata adhana, lakini mkwe wangu nilimsikia, maana ana sauti. Kila baada ya chai ananieleza jinsi mwaka 1872, mwezi huuhuu wa Aprili, kimbunga kilivyoipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa maelfu, na Pemba hakikuigusa, na ndiyo maana karafuu nyingi mpaka leo ziko kwao. Anaisimulia kana kwamba alikizuia yeye na bakora ile. Akimaliza ananitazama. "Watu wa Unguja," anasema, "sijui mnafanya nini usiku." Namjibu naam, baba. Shemeji zangu wanainamia halua wasicheke.

Nikiomba ruhusa nikaone shamba angalau, napewa jembe. Ndiyo, nimepalilia Pemba. Mtu wa bustani nimepewa likizo kwenye bustani, nikaikimbia kwenda kwenye bustani, nikaikimbia tena nikaishia kwenye migomba ya mkwe, tope kiunoni. Mwingereza yule hakuniambia kwamba unakokimbilia wapaswa usiwe na jamaa.

Aliyenikomboa ni mama mkwe, Mungu amweke. Siku ya tano tuko jikoni, anaumua unga wa maandazi, akaniuliza bila kunitazama, "Huyo Mzungu alisema koa anafuata nini hasa?"

"Harufu ya chachu, mama."

Akainua mkono, vidole vimejaa unga. "Sasa hamira ilikuwa na makosa gani?"

Sikuwa na jawabu. Hamira, sukari, maji ya vuguvugu. Vitu vya dukani kwa Mangi wa mtaani, vya kununua mchana kweupe huku umevaa kofia. Mie nilikwenda kudhalilika Jozani mbele ya kima.

Tuliporudi Fuoni, tungule zilikuwa zimekwisha kazi, mchicha hadithi. Mboga iliyostawi ni boga moja ambalo sikulipanda: lilichipua kwenye taka za jikoni, limepanda ukuta, limeteremka upande wa pili na kujinyoosha juu ya saruji ya jirani. Sikulikata.

Nikakoroga hamira na sukari kwenye ndoo, nikaiacha iumuke, nikafukia vikombe sita, kila kimoja nikakifunika kwa kifuu cha nazi chenye tundu la ubavuni mvua isiingie. Usiku wa kwanza makoa wanne. Wa pili tisa, hata watoto wa koa. Kwa siku tatu nikawa natembea kama waziri. Kasoro ni moja tu: ikifika siku ya nne ndoo ile inanuka vilevile kama mkoba wangu wa Jozani, na upepo unaelekea kwa jirani.

Jana baada ya isha nikasikia mtu anakohoa ukutani. Ni mzee wa baraza. Hajavaa kanzu, kavaa koti la mvua, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Nasikia ile dawa yako inafanya kazi."

"Ipi, mzee?"

"Ya makoa."

Nikamwambia alhamdulillahi, wamepungua. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatoa kikombe ndani ya koti, kikombe kikubwa cha chai chenye mkono.

"Basi nigaie kidogo. Kwangu wamezidi."

Nikanyanyua tochi nikamulika uwanja wake. Saruji tupu, ukuta hadi ukuta, inang'aa kwa mvua, na katikati yake boga langu.

"Wameanza lini?"

"Leo leo."

Nikamjazia. Nilimchujia makoa kwanza. Jirani ni jirani.